Ila Moja ya Gari la Bi Jalila

Jumatano, 3 Septemba 2025

Nimechoka. Naandika haya nimekalia ndoo iliyofudikizwa, nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji. Nyumba ni yangu, hapa Mishomoroni, na kodi nalipa mimi. Lakini sebuleni yuko mama mkwe. Ameshuka kutoka Kitui jana. Na kwetu Wakamba mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, wala hawatazamani usoni. Akiingia, natoka. Akitoka, nangoja kidogo, asije akawa amesahau kitu. Kiti changu chenye mto wa buluu ndicho alichokichagua.

Simlaumu. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mila isingemruhusu hata kulala kwangu, lakini kuna madaktari wanaokuja kisiwani mara moja kwa mwaka, na zamu yake ni Alhamisi ya wiki ijayo, asubuhi na mapema. Akikosa, mpaka mwakani. Mueni, mke wangu, anasema mwakani mamake hataona hata mwanga wa taa. Zamani vyondo vyake, vikapu vya kusuka, vilifika Nairobi. Sasa anasuka kwa kupapasa, na rangi zinaingiliana.

Swali ni nani atampeleka. Jirani yetu Ruwa, muuza nazi, alitangaza pale bombani, mbele ya watu, kwamba atampeleka kwa gari lake, Probox, bure. Ndivyo alivyo Ruwa. Akikusaidia, mtaa mzima husikia. Nikasema ahsante, haitahitajika, mkwe mwenyewe ananunua gari. Mueni akanitazama. Ni kweli tuna akiba ya gari, lakini tulikubaliana Disemba. Nikamwambia Disemba imewahi.

Jambo ambalo sikumwambia: Griffin, mwenzangu wa ghalani Changamwe, amesikia kuna mama Frere Town anauza gari la mwanawe aliyehamia ng'ambo. Si gari tu. Gari la spoti. Jekundu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeliona! Pua ndefu. Limelala chini kama paka anayevizia. Milango miwili, viti viwili, na kila kiti kimekukumbatia mbavu. Niliingia nikakaa. Sijakaa kitini tangu Jumanne. Nusura nisinzie.

Mwenyewe anaitwa Bi Jalila. Mjane, mtu wa makamo, maneno yake ya taratibu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali yangu, ya nyumbani, ya watoto, ya wazee wa bara, ya mvua ya bara. Kisha ikaja chai ya maziwa, mahamri na mbaazi za nazi. Nilikuwa nimekuja kukagua gari. Nilikagua mahamri manne.

Halafu akaniambia kwa upole kwamba gari lina ila moja, na kwamba ni wajibu anieleze kabla hatujaendelea.

Nikamkatiza pale pale. Kwa adabu, lakini nikamkatiza. Mimi si mtoto. Muuzaji akikutajia ila, anakupa ndogo ili usiitafute kubwa. Nikamwambia, usinieleze mama, nitaigundua mwenyewe. Akashangaa. Akasema wallahi hakuna cha kugundua, ni neno moja tu. Nikaweka mkono kifuani nikamwomba anisamehe, nataka kulikagua kwa macho yangu. Akasema haya, kama ndio desturi ya kwetu.

Nilikuwa na sumaku. Niliitoa kwenye spika mbovu ya redio, nikaifunga kwa leso ya mkononi isikwaruze rangi. Mahali palipogongwa pakazibwa kwa udongo, sumaku haishiki. Mlango wa kushoto, imeshika. Wa kulia, imeshika. Boneti, imeshika. Bampa ya mbele: ikaanguka puu! Nikajikohoza. Bi Jalila akasema bampa ni ya plastiki, mwanangu, zote siku hizi ni plastiki. Hivyo ndivyo muuzaji angesema. Nimeiweka bampa kwenye mashaka.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimerudi Frere Town. Mueni nimemwambia naenda kuangalia gari, naye akaniuliza ni gari la namna gani. Nikasema zuri. Akauliza kama lina milango. Nikasema ipo.

Leo ilikuwa zamu ya harufu. Gari lililozama kwenye mafuriko hunuka chini ya zulia, hata ukilianika mwaka mzima. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya kiti, nikavuta pumzi. Udi! Gari zima linanukia udi. Bi Jalila akaeleza kwamba kila Alhamisi akifukiza nyumba hulifukiza na gari, maana ni la mwanawe na humkumbuka. Alipangusa jicho. Mimi nikajiuliza, anaficha harufu gani?

Baadaye chini ya gari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na gari hili mvungu wake ni wa kutambalia. Nilikuwa nimevaa shati la kazini. Nimejisukuma mpaka katikati, tochi mdomoni, nikaona macho mawili yananitazama. Paka. Amezalia pale. Watoto watano au sita, na mama yao hakupenda wageni.

Nilitoka haraka kuliko nilivyoingia, pua imechanwa. Bi Jalila alinikalisha barazani, akasaga manjano, akanipaka. Akasema, mwanangu, ungeniacha nikwambie usingefika huku. Alikuwa ameshaanza, gari hili ni kwamba li... Nikaziba masikio. Kweli kabisa, nimeziba masikio kwa vidole vyote viwili mbele ya mama wa watu, na pua ya manjano. Akaniletea juisi ya ukwaju.

Jumapili, 7 Septemba

Manjano hayatoki. Nimesugua kwa sabuni ya kipande, nikasugua kwa limau, nimepata pua nyekundu yenye manjano. Kanisani mchungaji alihubiri juu ya alama ya Kaini na watu wakageuka kunitazama. Ruwa alinishika mkono mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa kwaya, ndugu Dishon, gari limekuuma? Probox yangu haiumi mtu.

Watu wakacheka. Mueni pia, kidogo.

Mchana mama mkwe alituma ujumbe. Hunena na Mueni, Mueni ananijia mimi kwenye ndoo. Anasema amenunua leso mpya ya kuvaa siku ya hospitali, kwa sababu si jambo dogo kupelekwa na mkwe kwa gari lake mwenyewe. Kwao hakuna aliyewahi. Anawaambia wenzake wa Kitui kwa simu.

Nilijisikia vibaya, sijui kwa nini. Mama huyu sijawahi kumtazama usoni hata mara moja, na yeye hajaniona mimi. Mueni anasema akipona ataanza na mimi, mila au si mila, walau kwa mbali, ajue binti yake alimfuata nani mpaka huku kwenye joto. Sikujua kama hiyo ni ahadi au ni tishio. Natamani aone. Natamani hasa aone gari kwanza.

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimempeleka mtaalamu. Mtaalamu ni Griffin. Hana gari, lakini amekulia Nairobi na binamu yake ana gereji. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga teke gurudumu, akasema hii ni moto, buda. Huo ndio uliokuwa uchunguzi wake wote wa nje.

Kisha tukalijaribu barabarani. Bi Jalila alitoa funguo. Gari lilikuwa uani, pua imeelekea langoni, kwa hivyo tulitoka moja kwa moja. Lo! Mngurumo! Griffin aliendesha mpaka barabara kubwa, akazunguka mzunguko, akarudi, akazunguka tena. Gia ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu, ya nne, ya tano, zote kama siagi. Breki kali. Nikachukua usukani mimi, nikafika mpaka Ziwa la Ng'ombe, watu wakasimama mlangoni kwa kinyozi kunitazama. Mimi, Dishon, karani wa magunia ya chai. Nilitamani Ruwa awe pale ananyolewa.

Tuliporudi likatokea jambo lililonigusa. Nilisimama nje ya lango, nikijiandaa kuliingiza. Kabla sijashika gia, Bi Jalila akapiga makofi, na vijana wa mtaa wakatokea, jirani yake Rama akiwaongoza. Wakatuomba tushuke. Wakaligeuza gari kwa mikono na kulisukuma uani kinyumenyume, polepole, mpaka mahali pake. Hatukuguswa na jasho hata tone. Adabu ya Pwani! Bara mgeni angeambiwa aegeshe mwenyewe. Griffin naye alikubali kwamba Nairobi hakuna kitu kama hicho.

Bi Jalila akaniuliza, umeona sasa? Nikamwambia nimeona, na nimependezwa sana. Akasema Mwenyezi Mungu ana waja wa kila aina.

Jumanne, 9 Septemba

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimekosa ila. Nimepapasa, nimenusa, nimetambaa, nimeendesha. Bampa nimeisamehe. Iko wapi hiyo ila moja?

Leo kazini nikaikumbuka. Redio! Redio ya gari lile inashika stesheni moja tu, ya mawaidha. Nilizungusha kila kitufe jana na haikubadilika. Nilicheka peke yangu katikati ya magunia. Mama wa watu na uaminifu wake wote, roho inamsuta kwa ajili ya redio.

Kesho naenda kununua. Mueni amenikumbusha kwamba keshokutwa ndiyo Alhamisi, na Ruwa amesema tena ahadi yake bado ipo. Nikamwambia Mueni amjibu Ruwa kwamba nazi zake zisikose soko kwa ajili yetu. Mueni akasema hatamjibu hivyo. Akasema amechoka. Nikasema hata mimi nimechoka, nimekalia ndoo wiki nzima. Tukaachia hapo.

Jumatano, 10 Septemba

LANGU!

Naandika ndani yake. Kiti, jamani. Kiti cha mtu mmoja, hakuna wa kunitoa.

Mauziano hayakuwa rahisi. Bi Jalila alimwita Rama aje awe shahidi. Akasema dini yake hairuhusu kuuza kitu chenye ila huku mnunuzi hajui, na hela ya namna hiyo haitaingia nyumbani kwake. Kwa hivyo leo, nitake nisitake, ataitaja. Nikainuka. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, Bi Jalila, ila hiyo nimeshaiona.

Umeiona? akauliza. Nikasema tangu juzi. Na umeridhika nayo? Nimeridhika. Hutanijia kesho kulalamika? Nikamwambia mama, kwangu mimi kitu kile hata sikitumii sana.

Akamtazama Rama. Rama akakuna kichwa, akauliza kweli ninaweza kuishi bila kitu kile? Nikasema baba yangu aliishi bila hicho maisha yake yote. Bi Jalila akainua mikono akamshukuru Mungu, akasema hajawahi kuona mnunuzi mwenye moyo safi hivi, na papo hapo akapunguza bei. Sikuomba! Alipunguza mwenyewe! Ndiyo faida ya kunyamaza na kumwacha mwenzio ajishuku. Paka na wanawe walihamishiwa kapuni.

Nikaja nalo mpaka nyumbani. Kichochoro chetu ni chembamba na kinaishia ukutani kwa Ruwa, chini kwenye mteremko. Probox yake ilikuwa pale mwisho. Nikaingiza pua nyuma yake, taratibu, nikapiga honi. Mtaa ukatoka.

Mueni alitoka pia. Alichungulia dirishani upande mmoja, akaenda upande wa pili akachungulia. Kisha akauliza mama atakaa wapi.

Nikapigapiga kiti cha kushoto.

Na wewe?

Nikapigapiga cha kulia.

Tukatazamana. Umbali wa viti ni kiganja kimoja. Mueni akaketi kizingitini, akashika kichwa. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alisema tu kwa sauti ndogo kwamba kwa siku zote hizi nimelikagua gari lile mpaka nikachanwa pua na paka, na sikuhesabu viti.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa upesi. Pazia! Nimechukua leso kuukuu, nimeifunga kutoka darini mpaka kwenye mkono wa gia, katikati. Mama upande wake, mimi wangu. Hatutaonana. Ni kama vyumba viwili. Mueni atatangulia alfajiri kwa tuktuk akashike foleni na kadi, maana mamake hawezi kusimama saa zote hizo, mimi nitamfikisha mamake kabla jina halijaitwa. Amekubali kwa sababu hana jingine. Naingia kulala. Hapana, nalala humu humu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Mama mkwe alitoka na leso yake mpya, nyeupe na zambarau. Jirani alimshika mkono akamwingiza. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta kama inavyotakiwa. Nikaingia upande wangu wa pazia. Nilimsikia akipumua. Akanong'ona kitu, nadhani alikuwa anaomba. Nikawasha. Mngurumo, watu makofi. Nikatia rivasi.

Kwaruuu!

Nikatia tena. Kwaruuu! Sauti ya kinu kinachosaga misumari. Nikakanyaga klachi mpaka mwisho, nikasukuma, nikavuta, nikamwita Yesu. Mara ya nne gia ikaingia, nikashukuru, nikaachia, na gari likaruka MBELE. Likajibanza kati ya Probox na ukuta. Mlango wa mama mkwe ukagusana na matofali. Hauwezi kufunguka. Njia ya kutokea ni moja tu, kupitia kwangu, na hilo sharti dunia iishe kwanza; hata nikishuka, mama asiyeona hawezi kuruka mkono wa gia.

Nikampigia Bi Jalila. Akapokea. Akaniuliza nimeamkaje, nyumbani hawajambo, mkeo hajambo, na yule mama mkwe mgonjwa wa macho ameamkaje? Nikasema hajambo, yuko hapa hapa. Akasema nimpe salamu. Nikampa. Kupitia pazia! Ndipo nikapata nafasi ya kusema gari halirudi nyuma. Kisha, kwa upole ule ule, akasema: si uliniambia umeiona, baba?

Vijana. Makofi. Kinyumenyume. Yote yakanirudia kwa pamoja.

Na Ruwa? Ruwa alikuwa amesimama nyuma ya gari lake, ufunguo mkononi, tayari, amevaa shati la Jumapili. Tayari kutusaidia. Na hakuweza kutoka kwa sababu mimi nilikuwa nimemziba. Sikujua mtu anaweza kuona aibu ya aina mbili kwa wakati mmoja. Nilishuka nikamwambia, ndugu yangu, nisaidie. Nilidhani atasema asiyesikia la mkuu. Badala yake alivua shati la Jumapili akalitundika mlangoni, akaita watu.

Tulilisukuma kupanda mteremko, kinyumenyume, mama mkwe ndani amekaa wima kama bibi arusi, leso kichwani. Watu wa kinu cha kusagia wakaja. Kwaya ikaja, nusu yake. Tumbo la gari likakaa kwenye jiwe la mtaro na tukalinyanyua kwa mikono. Suruali yangu ikapasuka nyuma, hapo sikujali tena. Simu ikalia, Mueni. Wameanza kuita majina. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na sikumbuki Mueni kutetemeka hata siku ya arusi.

Tulipofika barabarani Ruwa alikimbia kutoa Probox. Viti vya nyuma vimelazwa kwa ajili ya nazi. Mama mkwe akakaa mbele. Mimi nikaingia nyuma, juu ya nazi, nimewapa mgongo. Ruwa ni Mgiriama, na Wagiriama nao wana heshima zao za ukweni. Ruwa alichukua ile leso ya pazia bila kuambiwa, akaitundika nyuma ya viti. Akaendesha kama mwendawazimu. Nililia kidogo kule nyuma. Sitalikana. Nilifikiri juu ya vile vyondo vyenye rangi zilizochanganyika.

Majina yalikuwa yamekwisha. Mueni alikuwa amesimama mlangoni, mikono miwili kwenye fremu, anamwomba nesi asifunge. Mama mkwe aliingia mtu wa mwisho kabisa. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Jumamosi, 13 Septemba

Bandeji ya jicho la kwanza imetolewa jana. Anaona! Mueni alimnyoshea vidole akahesabu. Akahesabu maua ya pazia la sebule. Akasema kiti cha mto wa buluu kumbe kina doa, kwa nini hakuna aliyemwambia. Mueni alicheka mpaka akalia, nami nilikuwa dirishani kwa nje, nyuma ya tangi, nikacheka na kulia huko huko. Hakuna kilichonifurahisha hivyo mwaka huu.

Leo alitaka kuona gari. Alisimama mlangoni, jicho moja wazi, jingine limezibwa. Mimi nilikuwa mwisho wa kichochoro nimegeuka upande, anione kwa mbali kama ilivyoahidiwa. Sijui aliona nini. Nilikuwa nimevaa ile suruali.

Baadaye Mueni alinijia na ujumbe. Mama anasema mkwe wake ni mrefu kuliko alivyodhani, na kwamba alimsikia akilia kwenye nazi, Mungu ambariki. Anasema pia gari ni zuri sana, rangi yake ni ya kupendeza. Halafu anauliza kama niliponunua niliona lina viti viwili.

Jicho moja. Kwa mbali. Kwa muda wa kupepesa.

Mueni anataka gari liuzwe, na safari hii Ruwa aende na mimi. Nimekubali. Mama mkwe anarudi Kitui Jumatatu, basi la alfajiri, na Ruwa amejitolea kumpeleka stendi. Nimesema ahsante, Ruwa. Nilisema hivyo mbele ya watu, bombani. Imenichosha kuliko kusukuma gari.

Jumapili, 14 Septemba

Wote wako kanisani, Ruwa pia, wameenda kwa miguu. Nimebaki na homa. Homa imepona walipokunja kona.

Nimekaa kwenye kiti cha mto wa buluu. Doa kweli lipo.

Saa nne akaja mtu anaitwa Ziro, wa Kisauni. Amesikia juu ya gari jekundu na anataka tubadilishane kwa lake, papo hapo, bila hela kuguswa. Nilikuwa nimekwisha kulipanga langu juu barabarani, pua mbele. Alilizunguka, akapiga teke gurudumu, akasema amelipenda. Sikutaja kitu, hakuuliza.

Lake nimelikagua kwa makini. Mwenye kuumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Kwanza milango: minne. Viti: vitano, nimevihesabu mara mbili, kwa kidole. Mama mkwe anaweza kukaa nyuma kabisa na mimi mbele, pazia likatosha. Redio inashika kila stesheni. Sumaku inashika mpaka kwenye bampa!

Kisha jambo kubwa, rivasi. Hapo sikuhitaji hata kujaribu, maana nimeona kwa macho yangu. Ziro amekuja kinyumenyume! Tangu barabara kubwa, akapita kinu cha kusagia, akateremka kichochoro chote, shingo ameigeuza, hakugusa ukuta hata mara moja. Dereva hodari sana. Amelisimamisha mgongo karibu ugusane na Probox ya Ruwa, pua ikitazama barabarani, tayari kwa safari. Nitamwambia Ruwa asihangaike kuamka. Kesho alfajiri nampeleka mama mkwe stendi mimi mwenyewe.

Ziro alipokuwa anaingia kwenye jekundu alisita. Akasema, kaka, ni haki nikuambie jambo moja juu ya lile langu.

Nilimpigapiga begani. Nikamwambia asijisumbue, nimeshaliona.